Kumwongezea Mtoto Mdogo Damu: Kwa Nini Mhudumu Huhitaji Mafunzo Maalum

Selimundu na malaria huwafikisha hospitalini watoto wengi wa Karungu na ufuo wote wa Ziwa Victoria wakiwa wamepungukiwa na damu. Kuongezewa damu huokoa maisha, lakini kipimo kikikosewa damu hiyo inaweza kumdhuru mtoto.

Kupima uzito kwanza
Mtoto wa kilo 10 ana damu ipatayo mililita 800 tu mwilini. Mfuko wa mililita 450 ni zaidi ya nusu yake; ukimwingia wote kwa haraka, moyo na mapafu huweza kulemewa. Kwa hivyo mhudumu hufunzwa kumpima mtoto uzito na joto la mwili kabla ya hesabu. Utafiti wa watoto 3,196 nchini Uganda na Malawi, uliochapishwa mwaka wa 2019, ulionyesha kuwa wenye upungufu mkali wa damu wasio na homa walinufaika zaidi na mililita 30 za damu nzima kwa kila kilo, ilhali wenye homa walikuwa salama zaidi kwa mililita 20.

Kukaa kando ya kitanda
Wahudumu wawili huhakiki jina, nambari ya mgonjwa na kundi la damu. Dakika 15 za kwanza mtoto haachwi peke yake. Mfuko humalizika ndani ya saa 4.

Mashine ya aferesisi
Katika hospitali kubwa, mashine hii huondoa seli za selimundu na kurudisha sehemu nyingine ya damu. Kwa kuwa hutoa damu nje ya mwili, mirija yake hujazwa kwanza seli za mchangiaji mtoto akiwa mdogo. Dawa inayozuia damu kuganda hupunguza kalisi. Mtu mzima atasema midomo inamwasha, lakini mtoto mchanga hawezi. Ni muuguzi anayepaswa kuona dalili.

Wajibu wa mzazi
Mweleze mhudumu iwapo mtoto amewahi kuongezewa damu na iwapo alidhurika. Akitetemeka, akijikuna au akipumua kwa shida, ita muuguzi mara moja.

Mafunzo hayana faida bila damu. Mkazi mwenye afya njema, umri wa miaka 16 hadi 65 na uzito wa kilo 50 au zaidi, anaweza kuchangia.