Siasa za Kimataifa: Kuisoma Dunia Kuanzia Kwetu

Kila mwaka wanafunzi wetu wa kidato cha sita hutuuliza swali hili: "Ustadh, nikimaliza shahada ya kwanza, naweza kuendelea na uzamili wa siasa za kimataifa? Au hiyo ni elimu ya Wazungu tu?" Swali ni zuri, na tumeona tulijibu hapa ili wote wafaidike.

Ni elimu gani hii?

Siasa za kimataifa ni elimu inayochunguza jinsi dola zinavyohusiana: vita na suluhu, mikataba, mipaka, biashara na jumuiya kama Umoja wa Mataifa. Kama somo la chuo kikuu, umri wake si mkubwa. Kiti cha kwanza cha profesa wa somo hili kiliwekwa mwaka 1919 huko Aberystwyth, Wales. Wakati huo sehemu kubwa ya Afrika ilikuwa chini ya wakoloni. Ndiyo maana vitabu vingi huanza na Mkataba wa Westphalia wa 1648, vikaja kwenye vita vikuu viwili vya dunia, kisha Vita Baridi. Sisi hutajwa kama uwanja, si kama wachezaji.

Mwaka 2007 wanazuoni wawili, Amitav Acharya, mzaliwa wa India, na Barry Buzan wa Uingereza, waliandika makala wakiuliza kwa nini hakuna nadharia ya siasa za kimataifa isiyotoka Magharibi. Tangu hapo mjadala umepanuka, na vyuo kadhaa sasa vinafundisha somo hili kwa kuanzia Afrika, Asia na Mashariki ya Kati.

Mfano mmoja

Tuchukue tukio linalotuhusu. Mwaka 1981 Dkt. Salim Ahmed Salim, mzaliwa wa Zanzibar na wakati huo Waziri wa Mambo ya Nje wa Tanzania, aligombea ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa akiungwa mkono na Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Marekani ilimzuia kwa kura ya turufu. China nayo ikamzuia Kurt Waldheim wa Austria, aliyetaka kipindi cha tatu. Baada ya wiki kadhaa za kura wote wawili walijitoa, na Javier Pérez de Cuéllar wa Peru akachaguliwa.

Anayesoma kwa mazoea atasema huo ulikuwa mvutano wa wakubwa, basi. Lakini anayeanzia kwetu atauliza zaidi. Kwa nini Tanzania, mwaka 1971, ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopigania China ipewe kiti chake, ilhali Marekani ilikuwa ikipinga? Kanuni ya turufu ilitungwa mwaka 1945, wakati waanzilishi 51 wa Umoja huo walikuwamo Waafrika wanne tu: Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini. Je, tuliokuwa hatumo tunafungwaje nayo mpaka leo? Tukio ni lile lile, maswali ndiyo yamebadilika.

Tahadhari

Kusoma hivi si kuwatukana watu wa Magharibi. Vitabu vyao lazima uvisome, tena kwa makini kuliko wao. Kulaumu si utafiti. Na dola za Afrika na Asia nazo zina makosa yake. Mwanafunzi mkweli huyapima kwa mizani ile ile.

Unahitaji nini?

Kwanza, shahada ya kwanza yenye matokeo mazuri, iwe ya siasa, historia, sheria au uchumi. Pili, uwezo wa kuandika, kwani uzamili kwa kawaida huishia kwenye tasnifu. Tatu, lugha. Hapa msijidharau. Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, alieleza kwa Kiarabu jinsi mshikamano wa watu, yaani asabiya, unavyoinua dola na kulegea kwake kunavyoiangusha. Wanafunzi wengi wa vyuo vikuu humsoma kwa tafsiri. Wewe unaweza kumsoma mwenyewe.

Chuo cha SOAS cha London kilianzishwa mwaka 1916 ili, pamoja na mengine, kuwafundisha maofisa wa Kiingereza lugha za watu waliowatawala. Leo kinafundisha siasa za Afrika na Asia, na Kiswahili pia. Lakini si lazima kusafiri. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya sayansi ya siasa, na chuo cha diplomasia cha Kurasini leo kina jina la Dkt. Salim. Kabla ya kuomba popote, ulizia ada na ufadhili mapema. Wengi wamekwama hapo, si kwenye masomo.

Kwa kuanzia, chukua habari moja ya dunia kila wiki, uisome katika magazeti mawili ya nchi tofauti, na ujiulize: nani anasimulia, na ameanzia wapi? Haba na haba hujaza kibaba. Tusipojifunza kuisimulia dunia, tutaendelea kusimuliwa.