Kijana wa bodaboda na bima asiyoielewa

Mpwa wangu ana umri wa miaka 23 na riziki yake ni pikipiki. Steji yake iko Kitale, ila abiria akitaka kuvuka mpaka wa kaunti hadi Kamukuywa au Misikhu, yeye huenda. Katika mvua za mwaka 2025 aliteleza njiani akavunjika mguu, akapelekwa katika hospitali ambayo sitaitaja. Huduma ya kwanza alipewa bila ubishi. Mambo yaligeuka ilipobainika kwamba mfupa ulihitaji chuma na yeye alihitaji kulazwa. Alitoa simu akaonyesha ujumbe wa kumwarifu kwamba amesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, ile ambayo watu wote huiita SHA. Akaongeza kwamba pikipiki yake ina stika ya bima iliyolipiwa. Karani akatikisa kichwa.

"Khocha," aliniambia kwa simu, kwani ndivyo sisi Wabukusu tumwitavyo ndugu wa mama, "wananiambia sina bima, na bima ninazo mbili."

Ndugu msomaji, usimcheke. Nimewauliza vijana wengi wa hirimu yake, wa Kitale na wa Bungoma mjini, nikakuta imani yao ni hiyo hiyo. Yafaa basi tulifafanue jambo hili polepole.

Stika ya pikipiki huhitajiwa na Sura ya 405 ya Sheria za Kenya, nayo nia yake ni kuwalinda watu wengine wanaodhuriwa na chombo hicho. Mwendeshaji mwenyewe hayumo. Anaweza kuilipia miaka kumi na mguu wake usipate hata bandeji kutokana nayo.

Ama SHA, iliyoanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024 badala ya NHIF, ina hazina tatu, na hapa ndipo wengi hupotea. Hazina ya kwanza ni ya huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya. Hiyo hugharimiwa na Serikali, na kusajiliwa kwatosha. Ya pili hulipia kulazwa, upasuaji na matibabu ya hospitali kubwa. Hiyo haimtambui mtu asiyetoa mchango. Ya tatu ni ya dharura na magonjwa sugu. Mpwa wangu alikuwa amepita mlango wa kwanza, akadhani nyumba yote imefunguliwa.

Mchango wenyewe ni asilimia 2.75 ya mapato, na haupungui shilingi 300 kwa mwezi. Kwa hesabu hiyo, kila apataye chini ya shilingi 10,900 hivi hulipa hizo 300. Chini ya NHIF, tangu mwaka 2015, asiye na mwajiri alilipa 500, awe kijana kapera au baba wa watoto saba. Kwa kijana maskini, basi, kiwango kimeshuka, na atakayekana hilo atakuwa hasemi kweli. Lakini zamani aliweza kulipa mwezi kwa mwezi. Sasa asiye na mshahara hupimwa uwezo wake kwa maswali, kisha hutakiwa kulipa mwaka mzima kwa mkupuo. Shilingi 3,600 kwa pamoja! Nani ameona steji ya bodaboda yenye kijana aliyeweka fedha hizo kando, ilhali jioni humngoja mwenye pikipiki, mafuta, na unga? Mwaka 2025 ulikuja mpango wa Lipa SHA Pole Pole, ambapo mtu hukopeshwa mchango wa mwaka na kurejesha kidogo kidogo. Ni hatua njema, ingawa naona ajabu kwamba kijana akope ili alipe bima, wakati tatizo lilikuwa ratiba ya malipo tu.

Wazazi wetu hawakuhitaji elimu hii. NHIF iliundwa mwaka 1966 kwa ajili ya watu wa mishahara, na mchango ulikatwa kabla mtu hajaushika. Mfanyakazi wa Pan Paper pale Webuye hakuwa na haja ya kujua hazina ni ngapi. Kiwanda kilipofungwa mwaka 2009, mshahara ulikoma na makato yakakoma nao, na watoto waliokua baada ya hapo ndio hawa tunaowaona barabarani.

Wanafunzi nao wana hadithi yao. Mwaka 2018 Serikali ilianzisha EduAfya, bima ya wanafunzi wa shule za upili za umma. Ilikwisha mwishoni mwa 2023, na tangu hapo mwanafunzi hutegemea mchango wa mzazi wake. Yule wa Chuo Kikuu cha Kibabii au wa Kitale National Polytechnic aweza kubaki chini ya mzazi hadi miaka 25, maadamu anasoma kwa muda wote na hana kipato. Asiyeangaliwa sana ni yule aliyekwisha kupata cheti na hajapata kazi. Yuko nyumbani Kimilili, si mwanafunzi tena, si mwajiriwa, na katika kile kikao cha familia hakuna anayemkumbuka isipokuwa anapougua.

Najua vijana watasema hawaugui. Ni kweli, na ndiyo maana kila bima huwataka: fedha za mzima ndizo zinazomtibu mgonjwa. Lakini barabara ya Kitale kwenda Webuye haimwulizi mtu umri wake.

Nami nina pendekezo dogo. Katika steji nyingi vijana huchanga kila siku, na mweka hazina wao huandika katika daftari ambalo hakuna athubutuye kulichezea. Shilingi 10 kwa siku hutimiza 3,600 kabla mwaka haujaisha. Kwa nini maofisa wa SHA na wa kaunti zetu mbili wasiende steji kuketi na mweka hazina huyo, badala ya kungoja vijana waje ofisini? Isitoshe, wangewaeleza pia habari ya zile hazina tatu.

Mguu wa mpwa wangu ulitengenezwa kwa mchango. Tuliketi chini ya mwembe nyumbani kwa dada yangu, kila mtu akatoa alichonacho, na ndama mmoja akauzwa. Thamani ya ndama huyo ingemlipia kijana bima kwa miaka kadhaa. Sasa anatembea kwa gongo, na wiki iliyopita aliniomba nimsomee upya ule ujumbe wa simu, neno kwa neno, akitafuta mahali palipoandikwa kwamba kujisajili si kulipa. Hatukupaona.