Ng'ombe Waliokauka Maziwa

Mfugaji wa wadi ya Burat aliyepeleka ngamia wake soko la mifugo la Isiolo hamwambii dalali kwamba anataka shilingi mia moja na hamsini elfu. Anasema, "Laki moja na nusu." Dalali anacheka, anapapasa nundu, anataja laki moja na kumi, na shughuli inaanza. Neno wanalorushiana limetoka mbali. Katika Kisanskriti, lugha ya maandiko ya kale ya Wahindu, ni laksha, yaani elfu mia. Lilipitia lugha za Bara Hindi, likavuka bahari na wafanyabiashara, likapanda kutoka pwani hadi nyanda kame za kaskazini mwa Kenya pamoja na maneno gunia na bepari.

Hesabu ilifika, falsafa ya Wahindu ikabaki mahekaluni Nairobi na Mombasa. Mwulize mpita njia Isiolo mjini Wahindu wanafundisha nini (Wahindu, si Wahindi: Mhindi ni mtu wa nchi, Mhindu ni mtu wa dini), atakutajia uvumba, sanamu, na watu wasiokula nyama ya ng'ombe. Katika wadi inayoishi kwa mifugo, hilo la mwisho latosha kufunga mjadala.

Na hapo ndipo kuna kichekesho, kwa sababu mawazo hayo ya Kihindu yalizaliwa zizini. Watu walioimba nyimbo za Rigveda, andiko la kale la Wahindu, baina ya mwaka 1500 na 1000 KK kwa makadirio ya wataalamu wengi, walikuwa wafugaji, na mali yao ilihesabiwa kwa ng'ombe. Neno gotra, ambalo leo Mhindu hulitumia kwa ukoo wake, mwanzoni lilikuwa zizi. Neno gavishti maana yake ni kutafuta ng'ombe, na ndilo hilo hilo walilolitumia kwa vita. Mkazi wa Isiolo hahitaji mwalimu wa kumweleza jinsi maana hizo mbili zilivyokutana.

Burat iko kando ya Mto Isiolo. Waborana, Waturkana, Wasomali, Wasamburu na Wameru wanaishi humo au wanapitia humo. Mkulima anavuta maji ya mto kumwagilia nyanya na vitunguu; mfugaji anayashukia yale yale malisho yakikauka. Kuanzia Oktoba 2020 misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo katika eneo hili la Afrika, na nchini Kenya mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa. Katika hali hiyo, swali la mema na mabaya halimngoji mtu msikitini wala kanisani. Linamkuta mtoni saa kumi na mbili asubuhi: nani anyweshe kwanza, na nani afunge mfereji wake?

Kuna andiko moja la Kihindu linalolikabili swali hilo kwa hadithi ambayo mfugaji yeyote ataielewa kabla haijaisha. Linaitwa Katha Upanishad, na lina umri wa zaidi ya miaka 2,000. Mzee mmoja, Vajashrava, anatoa sadaka ya mali yake yote ili apate thawabu. Ng'ombe wanaswagwa mbele ya watu. Kijana wake, Nachiketa, anawatazama na moyo unamwingia baridi: ni ng'ombe waliokwisha kunywa maji yao ya mwisho, waliokwisha kula nyasi zao za mwisho, waliokamuliwa hadi wakakauka, wasioweza kuzaa tena. Hesabu imetimia, lakini sadaka haipo.

Wazee wanaosimamia fidia wanaijua hila hiyo. Mifugo inayotakiwa inaletwa, lakini mmoja anachechemea, wa pili amebaki mbavu, wa tatu meno yamekwisha. Waislamu nao, ambao ni wengi Isiolo, wanajua kwamba katika zaka ya mifugo mnyama mkongwe au mwenye kasoro hapokelewi. Sheria hizo mbili na hadithi ya Kihindu hazikunakiliana. Zimekutana tu kwa sababu udhaifu wa binadamu mbele ya zizi lake ni ule ule.

Nachiketa anamuuliza baba yake: na mimi utanitoa kwa nani? Anauliza tena, anauliza mara ya tatu, mpaka mzee anafoka kwamba atamtoa kwa Mauti. Kijana analichukua neno kama lilivyo. Anakwenda kwa Mauti, anamkosa nyumbani, anamngojea mlangoni siku tatu. Mauti anaporudi anampa nafasi ya kuomba mambo matatu. La kwanza analoliomba ni hasira ya baba yake itulie, ampokee vizuri atakaporudi. La pili linahusu moto wa sadaka. La tatu ni kujua kinachofuata baada ya kifo, na hapo Mauti anajaribu kumhonga: chukua ng'ombe, farasi, dhahabu, miaka mingi ya kuishi, ila hilo usiniulize. Kijana anakataa. Ndipo Mauti anamfundisha maneno mawili: preyas, kinachopendeza, na shreyas, kinachofaa. Yote mawili humjia mtu, na mara nyingi huja pamoja.

Maneno hayo yanafaa leo kuliko mahubiri mengi. Noti inayotolewa usiku wa kuamkia uchaguzi ni preyas. Kadhalika pampu inayofungwa kimya juu ya mto wakati wa kiangazi huku walio chini wakibaki na mchanga. Wazee wa dedha, wanaowaongoza Waborana katika malisho, wanapotenga eneo lisiguswe hadi kiangazi, hawatumii Kisanskriti, lakini kazi yao ni hiyo: kuwaambia watu wenye njaa leo kwamba nyasi zile zinapendeza, ila kuzila sasa hakufai.

Mtu aliyeieneza falsafa hii ya Kihindu duniani kuliko wengine katika karne iliyopita nusura aachwe Lamu. Mwaka 1893 Mohandas Gandhi, wakili wa miaka 23, alikuwa njiani kwenda Afrika Kusini. Aliteremka Lamu kutembea, akarudi na mashua iliyojaa kupita kiasi, ikawa haiwezi kuishika meli kwa nguvu ya maji. Nahodha alingoja dakika chache zaidi, na abiria akavutwa juu kwa kamba kwa kuwa ngazi ilikuwa imeshapandishwa. Kesi iliyompeleka ilikuwa ya wafanyabiashara wawili wa Kihindi waliokuwa jamaa, wakigombania pauni 40,000. Gandhi aliona gharama za mawakili zitawamaliza wote wawili. Akawashawishi waikubali suluhu ya mpatanishi, na mteja wake aliposhinda pauni 37,000, akamwomba tena apokee kwa awamu ili jamaa yake asifilisike. Miaka ya baadaye aliiita Bhagavad Gita kamusi ya mwenendo wake. Kitabu hicho cha Kihindu kinafundisha kutenda wajibu bila kung'ang'ania matunda yake, na ndiyo maana halisi ya karma humo: kitendo, wala si ile "malipo ni hapa hapa duniani" ya mitandaoni.

Lakini falsafa hii isiuzwe kama mnyama asiye na kasoro. Fundisho la kila mtu na wajibu wake lilitumika kwa karne nyingi kuwafungia mamilioni chini ya ngazi ya tabaka. Mnamo Desemba 25, 1927, katika mji wa Mahad nchini India, B. R. Ambedkar, kiongozi wa waliofungiwa hivyo, na wenzake waliichoma hadharani Manusmriti, kitabu cha sheria kilichohalalisha dhuluma hiyo. Kaskazini mwa Kenya hakuna wa kucheka: wahunzi wamedharauliwa huku pia, na kwa desturi fidia ya mwanamke aliyeuawa imekuwa nusu ya ile ya mwanamume. Mtoto anayetazama ng'ombe wa sadaka na kuuliza swali mara tatu anahitajika pande zote mbili za bahari.

Imebaki siri ya idadi. Kwa nini Nachiketa alipewa maombi matatu? Mauti aliporudi, watu wa nyumbani walimkimbilia na kumwambia alete maji upesi, kwa sababu mgeni aliyelala njaa mlangoni huteketeza mema yote ya mwenye nyumba, watoto wake na mifugo yake. Naye Mauti, anayeogopwa na kila kiumbe, akainama mbele ya kijana, akamwomba radhi, akakiri deni: umelala siku tatu bila kula nyumbani kwangu, basi chagua mambo matatu, moja kwa kila usiku.