Mpira Mweusi wa Sheffield

Kwenye baa ya mtaani kwetu, mchezo mmoja wa puli huisha kabla soda haijapoteza ubaridi. Lakini siku niliyotazama mkanda wa fainali ya Ubingwa wa Dunia wa snuka ya mwaka 1985, niliweka fimbo chini nikakaa kitako.

Meza ya snuka ina urefu wa futi 12. Unatumbukiza mpira mwekundu, pointi 1, kisha wa rangi nyingine: njano 2, kijani 3, kahawia 4, buluu 5, waridi 6, mweusi 7.

Uwanja ni Crucible, jumba la maigizo mjini Sheffield, Uingereza. Steve Davis, bingwa mtetezi, alianza kwa kuongoza fremu, yaani michezo mmoja mmoja, 8 kwa 0. Dennis Taylor wa Ireland ya Kaskazini, na miwani yake mikubwa, akamfuata mdogomdogo hadi 17 kwa 17.

Fremu ya mwisho ilipita saa nzima. Davis 62, Taylor 44. Nyekundu zilishaisha. Taylor akatia kahawia, buluu, waridi: 59. Ukabaki mweusi peke yake.

Wakaukosa kwa zamu. Davis akapata nafasi, akaukata mno, ukagoma. Taylor akautia, akainua fimbo juu ya kichwa kwa mikono miwili. Saa sita usiku ilishapita, na Waingereza milioni 18.5 walikuwa macho mbele ya runinga.

Fainali nzima Taylor hakuwahi kuongoza, hadi mpira ule. Tangu hapo, nikibakiwa na mweusi, sina haraka.