Idjwi: Ping-pong haihesabiwi 21 tena, na servisi haifichwi

Kijana wa Idjwi anayepanda boti kwenda kucheza ping-pong Bukavu anapaswa kujua jambo moja kabla ya kushuka bandarini: seti haiishi tena kwenye pointi 21, inaisha kwenye 11. Shirikisho la kimataifa la tenisi ya meza, ITTF, lilibadilisha hesabu hiyo Septemba 2001. Lakini aliyefundishwa na kaka yake mkubwa ama mwalimu wa zamani anaweza kuwa bado anahesabu 21 na kupiga servisi tano tano.

Tofauti si ndogo. Zamani, aliyeachwa 0 kwa 5 alikuwa na nafasi kubwa ya kujirekebisha. Leo pointi hizo 5 ni karibu nusu ya seti. Kila mchezaji anapiga servisi 2, kisha mwenzake anapiga 2. Wakifika 10 kwa 10, wanapokezana servisi moja moja mpaka mmoja amzidi mwenzake kwa pointi 2. Na pointi inapatikana kila mpira, hata kwa yule asiyepiga servisi, tofauti na voliboli ya zamani.

Ugomvi mwingi unazaliwa kwenye servisi. Mpira unawekwa juu ya kiganja kilicho wazi, nyuma ya mwisho wa meza na juu ya usawa wake. Unarushwa wima angalau sentimita 16, na kupigwa wakati unashuka. Unagonga kwanza upande wa mpigaji, unavuka wavu, kisha unagonga upande wa pili. Ukigusa wavu na bado ukaangukia vizuri, hakuna pointi. Servisi inarudiwa, hata mara kumi. Wakicheza wawili wawili, servisi inatoka nusu ya kulia ya mpigaji na kwenda kimshazari hadi nusu ya kulia ya mpokeaji.

Nani atapima sentimita 16? Wavu wenyewe una kimo cha sentimita 15,25. Mpira ukipanda kutoka kiganjani kwa kimo kinachozidi wavu kidogo, inatosha. Kipimo hicho hakiombi pesa.

Shida ya kisiwani ni upepo. Mpira una uzito wa gramu 2,7 tu, na meza ikiwekwa nje, upepo wa Ziwa Kivu unaweza kuusukuma kando kabla raketi haijaufikia. Ndipo mtu anashawishika kuupiga moja kwa moja kutoka mkononi. Mbele ya mwamuzi, hiyo ni pointi ya mpinzani. Afadhali kusogeza meza nyuma ya ukuta.

Tangu 2002 imekatazwa pia kuuficha mpira kwa mwili, mkono ama nguo: mpokeaji lazima auone tangu unaporushwa hadi unapopigwa. Mtu aliyezoea kushinda marafiki zake kwa servisi ya kificho atapoteza silaha yake yote siku ya kwanza ya mashindano, na hatakuwa na pointi 21 za kutafutia nyingine.

Wachezaji wanabadilishana upande kila seti ikiisha. Katika seti ya mwisho wanabadilishana tena mmoja anapofika pointi 5, kwa hiyo kando ya ziwa kila mmoja anapata zamu yake ya kupambana na upepo.