Matone mawili kwenye maji ya sukari

Kwenye chupa ya dripu palikuwa na kipande cha plasta nyeupe, na juu yake mtu ameandika kwa kalamu ya bluu: D10 500, Ins 10, K 10. Chupa ilining'inia kwenye kitanda cha jirani na kile cha ndugu yangu niliyekwenda kumwona, katika wodi ya upasuaji ya hospitali moja ya hapa Ilala. Aliyelala pale ni kijana mchuuzi wa Kariakoo, anayeishi na kisukari aina ya kwanza tangu utotoni, akisubiri kupelekwa thieta kuondolewa kidole tumbo. Mama yake aliketi pembeni, akiitazama ile chupa kwa jicho baya.

"Wanamtilia sukari mwanangu," aliniambia.

Hakukosea. D10 ni maji ya sukari, glukosi ya asilimia 10. "Ins" ni insulini. Sukari na dawa ya kuishusha sukari vimo katika chupa moja, vinashuka kwa mrija mmoja, kwenye mkono mmoja. Mtu aliyeambiwa miaka yote aikwepe soda anaingizwa sukari mshipani siku ya kupasuliwa, tena kwa makusudi. Jambo hilo lilinikera kichwani mpaka nikamtafuta wa kunieleza.

Nilimpata mama mmoja wa miaka sabini na kitu, muuguzi mstaafu wa dawa za usingizi, anayeishi Ilala si mbali na hospitali ya Amana. Ameomba jina lake lisiandikwe. Mtaani wanamwita Sista hadi leo, nami nitamwita hivyohivyo.

Sista hakuanza kwa maneno. Alivuta bahasha iliyokwishatumika, akaandika hesabu mgongoni mwake. Nusu lita ya D10 ina gramu 50 za glukosi, yaani kiasi cha vijiko 12 vya chai. Insulini iliyoongezwa ni yuniti 10.

"Haya mwanangu, yuniti kumi ni kiasi gani?"

Nilinyamaza. Insulini inayotumika siku hizi, alinieleza, ina yuniti 100 katika kila mililita, kwa hiyo yuniti 10 ni sehemu moja ya kumi ya mililita. Mrija wa kawaida wa dripu hutoa matone 20 kwa mililita. Akapiga mstari chini ya jibu.

"Matone mawili. Vijiko kumi na viwili, matone mawili. Ukiyasahau hayo mawili, umemwekea mgonjwa wako sumu. Ukiyazidisha, hujamwekea nafuu."

Kisha akaitengeneza ile dripu mbele yangu, mikono mitupu, kama bado yuko kazini. Kwanza unachagua insulini. Iwe ile angavu kama maji. Ile yenye ukungu mweupe haiingii mshipani hata siku moja. Hiyo ni ya kuchoma chini ya ngozi, na ndiyo wagonjwa wengi waliyonayo nyumbani. Ndugu mwenye nia njema huitoa kwenye mkoba na kumwambia nesi, "Tumekuja na yake." Sista anasema hapo nesi anatakiwa aipokee kwa shukrani na kuiweka mbali.

Pili, potasi. Hiyo ndiyo K ya kwenye plasta. Insulini inapoisukuma sukari iingie ndani ya seli, huiburuta na potasi iliyomo kwenye damu. Ikipungua mno kwenye damu, moyo unapoteza mpigo wake. Kwa hiyo unaitanguliza ndani ya chupa, milimoli 10, ili kinachochukuliwa kiwe kinarudishwa.

Tatu, unageuza. Hapa alichukua muda mrefu kuliko pote. Chupa isiwe imetundikwa unapoichoma dawa. Ishushe, choma, kisha ipindue juu chini, juu chini, mara nyingi kuliko unavyodhani inatosha, kwa sababu potasi ni nzito, na ukiichoma kwenye chupa inayoning'inia inatua palepale kwenye mdomo wa kutokea. Matone ya kwanza yatakayomfikia mgonjwa ndiyo yatakayokuwa na potasi nyingi mno. "Nimewakuta vijana wa mafunzo wananyoosha mkono juu kuchoma chupa iliyoko kwenye stendi. Nawashusha mikono kwanza, maelezo baadaye."

Nne, unamwaga. Insulini hunata kwenye plastiki. Ukiunganisha mrija mpya na kumfungia mgonjwa moja kwa moja, sehemu ya yale matone mawili itabaki imegandamana na kuta za mrija, na insulini itakayofika mwilini itapungua. Ndiyo maana mililita 20 za mwanzo hupitishwa kwenye mrija na kuachwa zimwagike, ili plastiki ishibe kwanza. Katika wodi ambayo ndugu wametumwa duka la nje kununua hata mrija wenyewe, kumwaga dawa mbele yao ni jambo gumu. Sista anakumbuka baba mmoja aliyesimama na kuuliza kama anajua bei ya anachokimwaga.

Mwisho, matone. Mililita 100 kwa saa ni matone 33 kwa dakika, yanahesabiwa kwa saa ya mkononi au ile nesi aliyoibana kifuani. Kwa mwendo huo mgonjwa anapata gramu 10 za sukari na yuniti 2 za insulini kila saa, na chupa inakwisha baada ya karibu saa tano. Kidoleni anapimwa kila saa au kila baada ya saa mbili.

Basi kwa nini yote haya, badala ya kumwacha tu afunge, asile, asichome sindano, mpaka apasuliwe?

Hapo ndipo Sista alipokunja uso. Anasema sentensi iliyoua watu wengi katika maisha yake ya kazi ni "hajala, kwa hiyo asichome." Anayefunga kula hafungi kuishi. Ini lake linaendelea kutengeneza sukari usiku kucha. Kisu chenyewe, na hata hofu ya kisu, huamsha homoni za taharuki, nazo huipandisha sukari zaidi. Mwenye kisukari aina ya pili bado ana insulini kidogo ya kwake ya kumsitiri. Wa aina ya kwanza hana kabisa. Bila sindano, mwili wake unaanza kuchoma mafuta, mafuta yanazaa ketoni, damu inageuka asidi, na haya yote hayangoji ale chakula. Kwa upande wa pili, ukimpa insulini peke yake huku tumbo ni tupu, sukari inaanguka. Mtu mwenye fahamu sukari ikishuka hutoka jasho, hutetemeka, huomba chai. Aliye kwenye nusukaputi haombi kitu.

Chupa moja inatatua fumbo hilo kwa namna ambayo, nakiri, niliipenda. Sukari na insulini zikiwa zimefungwa pamoja, hakuna inayoweza kukimbia peke yake. Mrija ukiziba, zote zimesimama. Mtu akiufungulia kwa kasi kimakosa, zote zimekimbia. Hakuna mashine inayohitajika, wala umeme. Ni ufundi uliotungwa kwa kuamini kwamba jambo litaharibika tu, na litakapoharibika lisiue upesi.

Mchanganyiko huu ulielezwa mwaka 1979 katika British Journal of Anaesthesia na madaktari wawili wa Uingereza, George Alberti na D. J. B. Thomas, na vitabu vingi vya udaktari bado vinauita kwa jina la Alberti. Jina hilo nililikuta tena pahali nisipolitarajia. Mwaka 1989 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa kisukari katika vijiji vya Tanzania, uliokuta ugonjwa huo kwa watu wazima chini ya asilimia 1. Waandishi wanaongozwa na Donald McLarty na Andrew Swai wa Muhimbili, na wa mwisho kwenye orodha ni Alberti yuleyule. Hii ilikuwa miaka ambayo kliniki ya kisukari ya Muhimbili ilikuwa imeandikisha wagonjwa wapya 1,250 kati ya Juni 1981 na Mei 1987, na hesabu zilizofanywa Dar es Salaam mwaka 1989 na 1990 zilionyesha kwamba mgonjwa wa insulini aligharimu dola 287 kwa mwaka, ilhali asiyehitaji insulini aligharimu dola 103.

Sista hajawahi kulisikia jina la Alberti. Kwake mchanganyiko ule ulikuwa karatasi iliyobandikwa ukutani thieta, ikinakiliwa kwa mkono kila ilipochakaa. Ni nani aliyeibandika mara ya kwanza? "Niliikuta," anasema. Aliyekuwepo kabla yake naye aliikuta.

Katika nchi tajiri chupa hii imewekwa kando pole pole. Huko insulini inakwenda kwa pampu yake na sukari kwa mrija wake, kila kimoja kinapandishwa na kushushwa kadiri kipimo kinavyosema, na wagonjwa wengi huendelea na sindano yao ya muda mrefu hata siku ya upasuaji. Kasoro ya chupa wanayoitaja ni ya kweli: sukari ikipanda huwezi kuongeza insulini tu, inabidi uitupe uanze nyingine. Nilipomweleza Sista hayo, aliuliza swali moja: usiku, nesi mmoja, wagonjwa wengi, pampu ikilia nani anaisikia?

Hata hivyo, ana ugomvi wake na chupa za sukari. Dripu ya D10, au ya D5, isiyo na matone mawili, ni sura iliyozoeleka mno kwetu. Kwa miaka mingi kwinini ya mshipani ilitolewa ndani ya maji ya sukari, kwa kuwa kwinini na malaria yenyewe huweza kuishusha sukari, na macho ya watu wa kazi yakazoea kuona mtoto aliyelegea na chupa ile juu yake. Sasa mtoto anafika anatapika, analegea, anahema kwa kasi na kwa kina, tumbo linauma. Inaweza kuwa malaria. Inaweza pia kuwa kisukari aina ya kwanza ambacho hakuna aliyewahi kukigundua, na chupa ya sukari inatundikwa. Tone moja la damu kidoleni kwanza lingetosha kutofautisha. Huyo ndiye mgonjwa ambaye Sista anamfikiria hadi leo, na hakutaka kunieleza zaidi.

Tumbo linaloumwa lina mtego mwingine. Asidi ya ketoni peke yake inaweza kuuma mfano wa kidole tumbo, na ikitibiwa, maumivu yanaondoka bila kisu. Nilipomtajia Sista yule kijana wa wodini, kitu cha kwanza alichouliza ni kama mkojo wake ulipimwa ketoni. Ulipimwa. Kilikuwa kidole tumbo kweli, na upasuaji ulikwenda salama.

Wala hatari ya sukari si lazima ianzie hospitali. Katika maduka ya dawa ya Kariakoo mtu hununua prednisoloni ya pumu au ya mzio bila cheti, kwa vidonge vya kuhesabu. Kwa mwenye kisukari dawa hiyo huipandisha sukari kwa nguvu, na ikimezwa asubuhi hupandisha zaidi mchana na jioni, kwa hiyo anayejipima alfajiri tu anaona mambo shwari. Deksamethasoni ni ya ukoo huohuo. Hutolewa pamoja na dawa nyingi za saratani kuzuia kutapika, na kwa mjamzito anayekaribia kujifungua kabla ya wakati, ili kuyakomaza mapafu ya mtoto. Ni dawa njema. Ila aliyeitoa anatakiwa aseme pia insulini iongezwe kiasi gani, na kwa siku ngapi. Nani alimwambia muuzaji wa duka kwamba mteja wake anachoma insulini? Mteja mwenyewe aliulizwa?

Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo na watu wakanasa chini, viongozi walitangaza kwamba walionasa wamepelekewa oksijeni, maji na glukosi. Nchi ilishusha pumzi. Sista anasema yeye alikaa mbele ya televisheni akiwaza: je, kama mmoja wao ni wa insulini? Glukosi imefika. Matone mawili je? Kariakoo watu wanafahamiana kwa vizimba, kwa mikopo na kwa vicoba, lakini ni wangapi wanaojua kwamba jirani wa kizimba hujichoma tumboni kabla ya chai? Vijana wengi huficha. Mwajiri akijua, wanasema, atatafuta mwingine.

Nikirudi kwa mgonjwa wa thieta, nilidhani upasuaji ndio saa ya hatari. Sista anasema hapana, ni baadaye, dripu inapoondolewa. Insulini ya mshipani inaisha kazi ndani ya dakika chache. Ndiyo maana mgonjwa anatakiwa ale, achomwe sindano yake ya chini ya ngozi, kisha isubiriwe nusu saa mpaka saa nzima, ndipo chupa ishushwe. Kwa kawaida hutokea kinyume: chupa imekwisha, zamu imebadilika, daktari wa upasuaji anaamini daktari wa kisukari ameandika dozi, daktari wa kisukari hakuitwa, na nesi hawezi kuchoma kisichoandikwa. Saa tatu, saa nne zinapita. Nilimuuliza saa hizo ni za nani.

"Hazina mwenyewe," alisema. "Kwa hiyo mwambie mgonjwa aulize kwa mdomo wake, kabla hawajagusa ile chupa: sindano yangu ni saa ngapi? Wakimjibu kesho, akatae."