Mgonjwa wa Sukari Asiye na Friji Asiache Sindano

Kila mkulima anajua kwamba maziwa yakikaa juani huchacha, na hayapokelewi. Kwa hiyo mtu wa nyumba isiyo na umeme akipewa dawa ya insulini huogopa kwamba nayo itaharibika. Wengine huiacha. Hilo ni jambo la hatari, na sasa kuna habari njema.

Insulini hutengenezwa na kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo. Kazi yake ni kuingiza sukari ya damu mwilini ipate kuwa nguvu. Isipokuwapo, sukari hujaa katika damu. Mgonjwa huona kiu sana, hukojoa mara kwa mara na kukonda. Asipotibiwa hufa.

Zamani hapakuwa na dawa. Mwaka 1921 Frederick Banting na Charles Best waliipata insulini huko Toronto, Kanada. Januari 1922 Leonard Thompson, kijana wa miaka 14 aliyekuwa karibu kufa, alidungwa sindano. Dawa ile ilipokwisha kusafishwa vizuri alipata nafuu, akaishi mpaka 1935. Kwa miaka mingi dawa ilitoka katika kongosho za ng'ombe na nguruwe waliochinjwa. Mwaka 1978 wataalamu wa Marekani waliweza kufanya vijidudu vitengeneze insulini iliyo sawa na ya mwanadamu.

Habari mpya imeanzia hapa kwetu Kenya. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilipima joto la nyumba za wakimbizi huko Dadaab. Lilikuwa kati ya digrii 25 na 37. Chuo Kikuu cha Geneva, Uswisi, kikaiweka insulini katika joto kama hilo kwa majuma manne. Matokeo yalitolewa mwaka 2021: nguvu ya dawa ilikuwa sawa na ya ile iliyokaa katika friji.

Basi fanyeni hivi:

1. Chupa inayotumiwa iandikwe tarehe ya kufunguliwa. Isipite majuma manne.

2. Chupa ambazo hazijafunguliwa zikae katika friji ya kituo cha afya. Ongeeni na daktari au mwuguzi juu ya jambo hili.

3. Tieni chungu kidogo ndani ya kikubwa, na katikati jazeni mchanga mbichi. Wekeni dawa ndani ya mkebe wenye kifuniko, kisha mkebe katika chungu kidogo. Funikeni kwa kitambaa kibichi, mweke kivulini penye upepo. Ongezeni maji kila siku.

4. Dawa isiwekwe juani wala karibu na jiko. Ikiganda kuwa barafu, au ikiwa na mabonge, isitumiwe tena.

Aliyeandikiwa insulini asipunguze wala asiache sindano bila amri ya daktari. Kukosa friji si sababu ya kumpoteza mtoto au mzee wa nyumba.